Mchezo wa Vita Umegoma Kuingia Kichwani: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Jumapili ya kwanza tulipofungua sanduku la mchezo wa vita wa mezani sebuleni kwangu Rau, hapa Moshi, tulikuwa wanne. Jumapili ya tatu tulibaki wawili, mimi na shemeji. Ya nne nilikaa peke yangu, ramani ya Ulaya imefunika meza yote ya chakula, kete za kadibodi zimepangwa kwa rangi, kitabu cha kanuni kiko wazi kwenye ukurasa uleule niliouacha wiki iliyotangulia. Kitabu kile nilikuwa nimeshakisoma mara tatu, na bado sikuwahi kumaliza zamu moja bila kukosea.

Miaka kadhaa imepita. Tangu hapo nimekaa na watu wengi kwenye meza ileile: walimu wenzangu, vijana wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma historia, mpwa wangu anayesomea uhandisi, na mzee mmoja wa kanisani, fundi wa bao, ambaye alituzidi wote ndani ya mwezi mmoja. Karibu wote hukwama mahali palepale. Hapa nimeziandika dalili kama nilivyoziona mezani, chanzo cha kila moja, na kilichotusaidia.

Mchezo wenyewe ni Paths of Glory, uliobuniwa na Ted Raicer na kutolewa na kampuni ya GMT Games ya Marekani mwaka 1999. Ni wa watu wawili. Mmoja anaongoza Ujerumani, Austria-Hungaria, Uturuki na Bulgaria. Mwenzake anaongoza Ufaransa, Uingereza, Urusi na waliokuwa upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia Agosti 1914. Kampeni nzima ina duru 20. Kila duru ina zamu sita kwa kila mchezaji, na kila zamu unacheza karata moja kati ya saba ulizoshika. Ramani inaanzia Uingereza hadi Mashariki ya Kati, kwa hiyo sisi hatumo. Lakini vita vile vilipita hapa. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts, wa upande wa Waingereza, yaliingia Moshi, na nimekuja kuona kwamba kanuni ngumu za mchezo huu zina mifano yake karibu kabisa na hapa tunapoishi. Ndivyo ninavyofundisha: kanuni ikikushinda, uliza kwanza ni shida gani ya askari wa kweli iliyomfanya mtunzi aiandike.

Kama sanduku lako ni la mchezo mwingine, ule wenye ramani ya vyumba vya pembe sita kama masega ya nyuki, mengi ya humu yatakufaa. Nitataja panapotofautiana.

Umesoma kitabu chote, ukikifunga hukumbuki kitu

Tatizo liko kwenye namna ya kusoma. Tumezoeshwa kusoma kwa ajili ya mtihani: unaanza ukurasa wa kwanza, unapigia mstari, unakariri, unasonga. Kitabu cha kanuni hakikuandikwa kwa kazi hiyo. Kimegawanywa kwa namba, kifungu ndani ya kifungu, kama sheria za nchi, ili mtu akibishiwa mezani apate pa kuonyesha kidole. Ukikikariri kabla hujashika kete, unakariri majibu ya maswali ambayo hujaulizwa.

Yule mzee fundi wa bao alinifungua macho bila kukusudia. Nilipomkabidhi kitabu alinirudishia. Akasema, "Mwalimu, cheza wewe, mimi nitazame." Hivyo ndivyo bao linavyorithiwa. Hakuna aliyesomewa kanuni zote kwanza. Unakaa pembeni ya wakubwa, unaangalia kete zinavyonamuliwa, unajaribu, unakosea, unasahihishwa papo hapo, na habari za mtaji (zamu ya kula) na takasa (zamu isiyo na kula) zinakuja baadaye mkono ukishazoea. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kina chake kinamtosha mtu maisha yake yote, ila siku ya kwanza unahitaji kujua mambo mawili matatu tu.

Basi fanya hivi. Panga kete kwenye ramani kama kitabu kinavyoelekeza. Kazi hiyo peke yake itakuzoesha majina ya vituo, yaani zile sehemu za ramani ambazo kete hukaa. Soma sehemu tatu: karata inatumikaje, kete zinasogeaje, pigano linaamuliwaje. Kisha mcheze duru moja ya Agosti 1914 karata zote zikiwa zimefunuliwa mezani, huku mnajadiliana kwa sauti. Msihesabu mshindi. Mkimaliza, rudisheni kete zote mwanzo mkaanze tena. Kuzingira ngome, mahandaki na mengineyo yasomeni siku yatakapojitokeza mbele yenu.

Chanzo cha pili ni lugha. Kitabu ni cha Kiingereza, na nimeona wanaokijua Kiingereza vizuri wakikwama zaidi, kwa sababu wanakutana na neno wanalolifahamu na kudhani wanajua linasema nini. Kitabu kinalipa kila neno maana yake finyu. Sisi tulinunua kaunta buku tukaandika maneno yetu: kuamsha kituo, ugavi, akiba, kete nzima na kete iliyopungua (iliyogeuzwa baada ya kupata hasara), hali ya vita. Tuliandika kwamba "kuamsha" ni kulipia kituo ili kete zilizomo zifanye kazi zamu hii, basi. Tangu siku ile kelele zilipungua sana. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na mgeni akija ndilo ninalompa kwanza.

Umefika mlangoni kwa adui, unakatazwa kupiga

Hili humkuta sana mtu aliyetoka kwenye drafti, ambako kusogea na kula ni tendo moja. Katika mchezo huu kituo unakiamsha ama kwa kusogea ama kwa kushambulia. Jeshi lililosogea sasa litapiga zamu ijayo, kama bado lipo na adui bado yupo.

Fikiria kete hiyo ni nini. Jeshi moja la Kijerumani la 1914 lilikuwa na watu zaidi ya laki moja, pamoja na mizinga yao, farasi wao na mikate yao. Umati wa namna hiyo hauwezi kutembea, kujipanga, kusogeza mizinga na kushambulia kwa pumzi moja, na adui analiona vumbi likija.

Kwa hiyo piga hesabu ya zamu mbili mbili. Unaposogeza, jiulize mwenzako atajibu nini kabla hujapata nafasi ya kupiga. Angalia na gharama: kituo chenye kete za taifa moja kinaamshwa kwa pointi 1, kati ya zile zilizoandikwa kwenye karata unayocheza, hata kama kete ziko tatu, na tatu ndiyo mwisho wa kukaa pamoja. Ukichanganya Wajerumani na Waaustria kituo kimoja, unalipa pointi 2. Shemeji alipenda kuwachanganya ili wasaidiane, kisha akashangaa karata yake ya pointi 4 inaamsha vituo viwili tu. Watenganishe unapoweza.

Kwenye michezo mingi ya pembe sita mambo ni tofauti, unasogea kisha unapiga ndani ya zamu ileile. Ukihama kutoka sanduku moja kwenda jingine, hicho ndicho kifungu cha kwanza kukihakikisha.

Majeshi yako yamekufa na hakuna aliyeyapiga

Hapa ndipo wengi huuacha mchezo, na ninawaelewa. Umepigana vizuri upande wa mashariki, una majeshi matatu ndani ya Urusi. Mwenzako anachukua kikosi kimoja dhaifu, kete ndogo ya karibu uisahau, anaipenyeza pembeni na kuikalisha nyuma yako. Duru inakwisha, anafungua kitabu, na majeshi yako yote matatu yanaondolewa mezani. Hayarudi tena mpaka mwisho wa mchezo.

Kilichokuangusha ni ugavi. Kila kete lazima iweze kuchora njia kupitia vituo vilivyo mikononi mwa upande wake hadi kwenye chanzo cha ugavi. Vyanzo vya Wajerumani ni kama Essen na Breslau. Vya Warusi ni kama Petrograd na Moscow. Njia inaweza kuwa ndefu unavyotaka, mradi haijakatika. Kete iliyokatiwa njia haiwezi kuamshwa, na hesabu ya mwisho wa duru ikiikuta katika hali hiyo, kama ni jeshi linaondolewa kabisa. Kikosi nacho kinaondolewa, ila hicho unaweza kukijenga upya baadaye.

Watu huwa wanapinga: majeshi matatu yafe kwa sababu ya kikosi kimoja barabarani? Nikifika hapo huwa naiacha ramani ya Ulaya, nazungumzia barabara ya Kondoa.

Aprili 1916, Moshi na Arusha zikiwa zimeshachukuliwa, Jenerali van Deventer, aliyekuwa chini ya Smuts, alitumwa pamoja na askari wa farasi kutoka Arusha kwenda Kondoa. Waliingia Kondoa mwezi huohuo. Ukitazama ramani utasema wameshinda. Lakini masika yalikuwa yamefunguka, na aliyewahi kusafiri njia ile kabla ya lami anajua udongo wake ukilowa. Farasi walikufa kwa wingi kwa mbung'o na maradhi. Magari yalizama. Chakula na dawa vilitoka nyuma, zaidi ya kilomita 200, juu ya vichwa vya wapagazi. Askari wale walikaa Kondoa wiki nyingi na njaa na homa, hawawezi kwenda mbele, na Mei wakashambuliwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakiwa katika hali hiyohiyo. Walistahimili pale walipokuwa, basi. Hakuna aliyekuwa amewakata nyuma kwa bunduki. Mvua ilitosha.

Na wapagazi hao walikuwa watu wetu. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, na wengi mno hawakurudi makwao. Ninataka wanafunzi wangu walijue hilo kabla hawajagusa kete, kwa sababu mstari wa ugavi tunaouchora mezani kwa kidole, hapa kwetu ulichorwa kwa migongo ya watu. Kijana akishalielewa hilo habishi tena kanuni ya ugavi. Anaanza kuogopa, na hofu hiyo ndiyo inayomfundisha kucheza.

La kufanya ni jepesi. Kabla hujatamka kwamba umemaliza zamu, weka kidole kwenye jeshi lako lililo mbali kuliko yote, ulirudishe nyuma kituo kwa kituo bila kuinua kidole mpaka kwenye chanzo. Kisha tafuta kituo kimoja ambacho kikichukuliwa, njia hiyo inakatika. Kikiwepo, kikalishe kikosi hapo, hata kilichopungua. Kikosi kimoja kilicholala usingizi katikati ya Polandi kinaweza kuwa kinafanya kazi kubwa kuliko majeshi yanayopigana.

Waliotoka kwenye michezo ya pembe sita wanaumia zaidi hapa. Kule kete nyingi huwa na nguvu juu ya vyumba vinavyoizunguka, adui akikaribia lazima asimame. Huku kete haizuii chochote zaidi ya kituo inachokalia. Ukiacha upenyo, adui atapita.

Na jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kuliona: anayeongoza Ujerumani hucheza kwanza katika kila zamu, kwa hiyo mwenzake ndiye anayeifunga duru. Ukiwa Mjerumani, zamu ya sita usiache upenyo wowote, maana hutapata nafasi ya kuuziba kabla ya hesabu. Ukiwa upande wa pili, zamu hiyo ya mwisho ndiyo akiba yako. Weka karata nzuri kwa ajili yake.

Jeshi limeangamizwa vitani, unaambiwa haliwezi kujengwa upya

Angalia kisanduku cha akiba. Jeshi likiangamizwa katika pigano, nafasi yake inachukuliwa na kikosi cha taifa lilelile kutoka akiba. Akiba isipokuwa na kikosi cha taifa hilo, jeshi linaondoka moja kwa moja, na pointi za kujenga upya haziligusi tena. Mgeni anaona vikosi vimekaa bure pembeni ya ramani, anavipeleka vyote mbele, na anajihisi ameongeza nguvu. Mpwa wangu aliwahi kupoteza majeshi mawili ya Austria namna hiyo katika duru moja, na Austria haikuinuka tena.

Usishushe akiba chini ya kikosi kimoja kwa kila taifa kubwa linalopigana. Kwa Austria, viwili.

Una karata saba mkononi na hujui uzitumieje

Karata ziko 110, kila upande 55, na kila karata inaweza kufanya kazi moja kati ya nne: kuleta tukio lililoandikwa, kutoa pointi za operesheni za kuamsha vituo, kuhamisha majeshi, au kujenga upya yaliyopungua. Ukichagua moja umezikosa tatu. Hiyo ndiyo raha ya mchezo huu na ndiyo mateso yake, na wageni hukosea kwa njia mbili zinazopingana.

Wapo wanaotumia kila karata kwa operesheni, kwa kuwa kusogeza kete kunaonekana ndiyo vita yenyewe. Dalili inajitokeza kadiri mwaka 1915 unavyosonga: mwenzako anavuta karata mpya zenye nguvu, wewe bado unazungusha zile za mwanzo. Sababu ni hali ya vita. Matukio fulani yana alama zinazoipandisha. Ukifika 4 unaongezewa karata za vita vya kiasi. Ukifika 11 unaongezewa za vita kamili. Usipocheza matukio hayo, nchi yako inabaki imehamasishwa nusu wakati mwenzako ameshafungulia viwanda vyote. Kwa hiyo duru za mwanzo, tukio lenye alama ya hali ya vita lisicheleweshwe bila sababu nzito.

Wapo na wanaocheza kila tukio kwa sababu maandishi yake yanavutia. Tazama kinyota kwenye karata: tukio lenye kinyota likishachezwa, karata inatoka mchezoni kabisa, pamoja na pointi zake zote. Karata kubwa iliyoteketezwa kwa tukio dogo utaikumbuka 1917.

Kazi inayosahaulika kuliko zote ni kuhamisha. Mtu anaona pengo Ufaransa, ana majeshi yamekaa bila kazi mashariki, na anayatembeza hatua kwa hatua zamu nne. Reli ipo. Hapa ninawapeleka wanafunzi stesheni yetu ya Moshi na kuwaambia habari ya Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale askari wapatao 8,000 kutoka India. Mji ulikuwa na walinzi wachache mno. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wake upande huu wa Kilimanjaro. Akawapakia kwenye treni hapa Moshi na kuwateremsha Tanga, takriban kilomita 350, adui akiwa bado anajipanga. Watetezi wapatao 1,000 wakawarudisha wale 8,000 kwenye meli zao. Ushindi ule watu huuhesabu kwa bunduki za Tanga, mimi huuhesabu kuanzia behewa lililoondoka Moshi.

Mezani, kuhamisha jeshi kunagharimu pointi 4, kikosi pointi 1. Huruhusiwi kuhamisha zamu mbili mfululizo, wala kujenga upya zamu mbili mfululizo, kwa hiyo ukiona hatari ndiyo unaanza kufikiria reli, umeshachelewa. Mwanzo wa duru panga karata zako saba kwa foleni mbele yako, zikiwa zimefunikwa, na uamue tangu hapo ipi ni ya reli.

Dadu zinakuonea

Nimesikia malalamiko haya kila Jumapili, na mara chache dadu huwa ndiyo chanzo. Uliza kwanza: umeshambulia na vikosi vitupu, bila jeshi hata moja? Vikosi vinapigana kwa jedwali lao, nalo ni dhaifu. Jeshi moja likiwemo unatumia jedwali la majeshi. Umeshambulia mlima, au handaki? Ardhi hiyo inakushusha nguvu kabla hujarusha. Majeshi yako yote yalikuwa yamepungua? Basi hata ukishinda hesabu ya hasara huwezi kumlazimisha adui arudi nyuma, kwa kuwa kunahitajika angalau kete moja nzima iliyobaki kwako.

Ukivuka mpaka Holili kwenda Taveta unapita karibu na vilima vya Latema na Reata. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916 askari wa Smuts walipandishwa vilima vile uso kwa uso na wakaumia sana, kiasi kwamba amri ya kurudi nyuma ikatolewa. Kulipokucha ikaonekana vikundi vichache vya wenzao bado viko juu, na Wajerumani wameshaondoka kwa sababu upande wao wa kaskazini ulikuwa unazungukwa. Ninapomwona mtu anataka kupiga mlima kwa mara ya tatu mfululizo, namkumbusha vilima vile na kumuuliza kama amejaribu kuzunguka.

Kabla ya kurusha, soma jedwali kwa sauti: nikipata 1 itakuwaje, nikipata 6 itakuwaje. Kama jibu la 1 huwezi kulivumilia, usishambulie leo.

Mnagombana kuhusu kanuni

Wekeni muda. Dakika tano za kutafuta kwenye kitabu, zikipita bila jibu, rusheni dadu, endeleeni, na andikeni swali kwenye kaunta buku mlitafute baada ya mchezo. Mchapishaji huweka kanuni zilizosahihishwa kwenye tovuti yake bure. Zipakue kwenye simu kabla hamjaanza, maana kitabu kilichomo sandukuni kinaweza kuwa cha toleo la zamani. Mkubwa kwa umri asitumie umri wake. Hili nalisema nikijua uzito wake, kwa sababu vijana wetu wana heshima, na kijana atanyamaza mbele ya mwalimu wake hata akiwa amekiona kifungu sahihi. Mwenye meza inambidi amruhusu mapema, kwa maneno.

Mchezo hauishi, au unaishia sakafuni

Kampeni nzima haimaliziki kwa siku moja kwa watu wanaojifunza. Kitabu kina mchezo mfupi wa utangulizi. Anzeni na huo, mara tatu au nne. Mkifika kwenye kampeni, igaweni kwa Jumapili, duru mbili au tatu kila mkutano.

Kete ni nyepesi, na mlango ukifunguliwa upepo unapita na jeshi zima la Uturuki. Nilikwenda kwa fundi vioo akanikatia plastiki ngumu inayoona, ikalala juu ya ramani. Ramani inanyooka na kete hazitelezi. Kete ambazo hazimo mchezoni zikae kwenye trei ya mayai, kila taifa na tundu lake. Umeme ukikatika, msichezee mshumaa karibu na karata. Pigeni picha ya ramani kwa simu kila mwisho wa duru, kwanza kwa ajili ya watoto na paka, pili kwa sababu baada ya wiki mbili kila mtu anakumbuka mpaka wa Ufaransa kwa namna inayompendeza.

Huna wa kucheza naye

Kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo Vassal inayokuwezesha kucheza na mtu aliye mbali. Inahitaji kompyuta na intaneti ya kutosha. Inafaa, ila mtu anayejifunza namshauri aanze na meza.

Cheza peke yako, pande zote mbili. Kila ukimaliza zamu ya upande mmoja, hama kiti kabisa, nenda upande wa pili, na kabla ya kugusa kete andika kwenye karatasi upande huo unataka nini duru hii. Karatasi inakuzuia kumpendelea mmoja. Ukiutazama mstari wako mwenyewe kutoka upande wa adui, matundu unayaona mara moja. Mimi ndivyo nilivyojifunza ugavi, miezi miwili ya kuhama viti huku watu wa nyumbani wakinishangaa.

Na iache meza iwe wazi, mahali watu wanapopita. Jioni moja shemeji alikuja kuazima ngazi. Alisimama na ngazi begani, akaitazama ramani kwa muda, akanyoosha kidole kwenye kete moja ndogo ya Urusi iliyokuwa nyuma ya majeshi matatu ya Ujerumani.

"Hicho kikosi hapo nyuma kinafanya nini?"

Nikamvutia kiti.